Kabla hujachora, simama: mwongozo kamili wa komiki kuanzia bega la mchoraji mpaka dole gumba la msomaji

Wakuu habari za saa hizi. Leo nimeona nikae nimwage kila kitu sehemu moja maana nimechoka kujibu jambo lile lile wasapu mara mia. Kijana ananitumia kurasa zake za komiki anauliza "braza hapa nimekosea wapi", nafungua naona sura nzuri, nguo zina mikunjo, bajaji imechorwa mpaka pleti namba, ila watu wake wote wamesimama kama wanapiga picha ya pasipoti. Mtu anafukuzwa na mbwa magoti hayajakunjwa, mama kabeba ndoo ya lita 20 kichwani shingo imelegea utadhani kavaa kofia. Namuuliza, kabla hujachora ulisimama ukajaribu hilo pozi? Ananitumia emoji ya kucheka.

Sasa mimi sikuchekeshi. Niko Mbeya, mchana nachora mabango ya saluni na mabucha, usiku nachora komiki, na kitu kimoja nilichokigundua kwa kuchelewa ni kwamba hii kazi tunaisema ya mkono na ya kipaji wakati ni ya mwili mzima. Wako unaochora, wa yule jamaa wa kwenye karatasi, na wa msomaji aliyeshika simu kwenye siti ya nyuma ya kosta anatikiswa na matuta ya kwenda Tukuyu. Ukisahau mmojawapo komiki inakufa hata kama unajua kuchora kuliko sisi wote.

Vifaa: rimu ya karatasi A4, penseli 2B, peni nyeusi ya wino usiochujuka, raba, rula, simu yenye kamera, na kioo. Kioo hata kile kidogo cha kunyolea kinafaa. Tablet kama unayo sawa, ila usisubiri tablet.

Hatua ya 1: Kaa vizuri na upashe mkono

Najua hapa wengi mtaruka, mimi pia niliruka kwa miaka, mpaka siku nilipochukua kazi ya kurasa 24 kwa wiki moja, mteja ana haraka na mimi nina kodi ya chumba, nikachora usiku kucha nimekunjika kitandani na ubao mapajani. Siku ya tano dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vikaanza kufa ganzi, usiku naamka natikisa mkono kama nimeumwa na nge. Daktari akaniambia mshipa wa fahamu unabanwa pale kwenye kifundo cha mkono, nikakaa wiki tatu sishiki hata brashi ya bango. Hela ya ile kazi yote ikaishia kwenye nauli, dawa, na madeni. Kwa hiyo ukianza kusikia ganzi kwenye hivyo vidole, hasa usiku, pumzika na uende hospitali mapema, usijifanye shujaa.

Kukaa kwenyewe ni simpo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kama kilo 5, ukikiinamisha juu ya meza saa nzima misuli ya shingo ndo inakishikilia, kwa hiyo usimfuate karatasi alipo, mlete yeye juu. Weka ubao uinuke upande wa mbele, hata kwa matofali mawili. Taa ikae kushoto kama unachora kwa kulia ili kivuli cha mkono kisikufunikie mstari, na wa mashoto wageuze. Chini ya kiganja weka kikaratasi kingine, maana jasho na mafuta ya ngozi yakigusa karatasi wino unakataa kushika, afu wale wa mashoto ndo mnajua vizuri ile ya kumaliza fremu (kisanduku kimoja cha picha) na kuifagia yote kwa kiganja.

Kingine huku kwetu ni baridi. Mbeya mjini tupo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba vidole vinakakamaa, na ndugu zangu wa Makete na Njombe nisiwaambie kitu mnachokijua. Mkono wa baridi hauchori, mstari unatetemeka. Shika kikombe cha chai ya moto dakika mbili tatu, fungua na kufunga ngumi mara ishirini, zungusha mabega. Ila tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga mlango na dirisha ili uchore kwenye joto. Ile hewa yake ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi na inaua watu usingizini, vaa sweta mbili yaishe.

Mstari sasa. Mstari mrefu, mfano mgongo wa mtu au upinde wa barabara, unatoka begani, mkono wote unaenda. Wa kati unatoka kwenye kiwiko. Mdogo kwenye kifundo, na vidole viachie herufi na kope. Wengi wanachora kila kitu kwa kifundo ndo maana mistari yao mifupi mifupi kama nyasi. Jaza karatasi moja ya maduara na mistari mirefu kabla ya kazi, usiitupe, geuza nyuma uitumie. Na angalia pumzi, watu wengi wakifika kwenye mstari mgumu wanabana pumzi mpaka mkono unatetemeka, wewe vuta kwanza halafu uvute mstari huku unaiachia taratibu. Mstari ukikaa pembe mbaya, geuza karatasi, usigeuze mkono.

Hatua ya 2: Igiza

Hii ndo roho ya mwongozo wote, mengine ukiyasahau kumbuka hili.

Chukua tukio lako, tuseme jamaa anateleza kwenye tope. Amka kwenye kiti. Teleza (taratibu jamani, weka godoro). Igandie pale katikati na ujiulize maswali ya mwilini sio ya machoni: mguu gani una uzito sa hivi? Tumbo limekaza au limelegea? Mikono imeenda wapi yenyewe bila kuambiwa? Shingo je? Utashangaa, kichwani ulikuwa unafikiri mtu akiteleza anarusha mikono juu kama anasherehekea goli, kumbe mkono mmoja unatafuta pa kushika na mwingine unaenda nyuma kuitayarishia makalio, na kidevu kinakimbilia kifuani ili kisogo kisipige chini. Hayo huwezi kuyabuni ukiwa umekaa.

Ukishajua kwa mwili, weka simu kwenye dirisha, washa kamera ya kuchelewa sekunde 10, rudia. Piga tatu: kabla ya kuteleza, katikati, na ukiwa chini. Mara nyingi utakuta picha bora ya kuchora sio ile ya katikati, ni ile ya kabla kidogo, pale mwili umeshajua mambo yameharibika ila bado haujaanguka. Mimi mama mwenye nyumba alinichungulia siku moja nikiwa naanguka peke yangu chumbani mara ya nne ya tano, akamuuliza mke wangu kama nimeanza kuugua kifafa. Vumilia, ndo kazi.

Na usikopi picha ya simu kama ilivyo. Lenzi ya simu ikiwa karibu inavimbisha kilicho mbele, pua inakuwa kubwa na miguu inakuwa ya mtoto. Itazame, ifunge, chora ulichokisikia mwilini, halafu irudie kukagua tu.

Hatua ya 3: Nenda sokoni ukaangalie uzito

Nenda Mwanjelwa, au Uyole siku viazi vinapakiwa, ukiwa Iringa nenda stendi, popote palipo na watu wenye mizigo. Kaa sehemu usiyozuia biashara, kama unamchora mtu kwa karibu muombe, watu wetu hawapendi kuchunguliwa chunguliwa na wana haki. Jipe sekunde 30 kwa mtu mmoja. Usichore macho, usichore vifungo vya shati. Anza na mstari mmoja tu unaotoka kichwani unapita mgongoni unashuka mpaka kwenye mguu uliobeba uzito, huo mstari ndo hadithi, kisha ongeza duara la kichwa na vijiti vya mikono. Watu ishirini kwa kikao kimoja, vibaya vyote, haina shida.

Unachotafuta ni mzigo unavyoukunja mwili. Kijana amebeba gunia la lumbesa mgongoni, kiuno kimekunjika mbele mpaka uso unaangalia vidole vyake vya miguu, hatua fupi fupi, anapiga kelele "pisha mzigo" bila kuinua kichwa kwa sababu hawezi. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani yeye kinyume kabisa, shingo imenyooka kama nguzo, ukimwita hageuzi kichwa, anageuza macho kwanza au mwili wote unazunguka, na mzunguko wote umehamia kiunoni. Mwenye ndoo mkono wa kulia anaegemea kushoto na mkono wa kushoto unatoka nje kama bawa. Aliyebeba mtoto mgongoni kwa kanga ameinama kidogo sana mbele, na kichwa cha mtoto kimelala upande mmoja, hakikai katikati hata siku moja.

Huku kwetu kuna zawadi moja ambayo wachoraji wa Dar hawana, milima. Mtu anayepanda kuelekea Loleza anaegemea mbele, mikono inasukuma magoti, anayeshuka anarudi nyuma, magoti yamelegea, hatua zinakuwa fupi kwa woga. Ukichora mwili vizuri huhitaji kuchora mlima, msomaji anauona kwenye magoti.

Kipimo cha haraka: tupa mstari wima kutoka shimo la koo kwenda chini. Mtu aliyesimama ametulia, huo mstari unaangukia kwenye mguu wenye uzito au katikati ya miguu miwili. Ukiangukia nje, huyo mtu anaanguka, anakimbia, au ameegemea kitu, na kama hafanyi lolote kati ya hayo basi umekosea. Na tofauti ya kutembea na kukimbia ni kwamba anayetembea siku zote ana mguu mmoja chini, anayekimbia kuna muda miguu yote iko hewani, kwa hiyo mchore hewani na kivuli chake ukiache chini mbali kidogo na viatu, mbio zinapatikana bure.

Hatua ya 4: Vipimo (haraka haraka)

Mtu mzima wa kawaida urefu wake ni kama vichwa 7 na nusu, shujaa mtie 8, mtoto anayeanza kutembea ana kama 4. Macho yanakaa katikati ya kichwa, sio juu, hili kosa lipo kila mahali. Kiganja pamoja na vidole vyake ni sawa na kutoka kidevuni mpaka nywele zinapoanzia, wayo ni kama kutoka kiwiko mpaka kifundo cha mkono, hebu jipime sa hivi hapo ulipo. Mikono ukiinyoosha pembeni upana wake unakaribiana na urefu wako.

Ukishavijua unaruhusiwa kuvivunja. Komiki ya vichekesho inaweza kuwa na watu wa vichwa 3, na hiyo ina faida yake kwenye simu kwa sababu kichwa kikubwa kinaachia nafasi ya nyusi na mdomo kuonekana. Na msidhani kuvuta miili ni mambo ya wazungu au Wajapani, nendeni mkaone michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, kuna watu wembamba wamevutwa warefu kuliko mwili wowote wa kweli na bado unajua kabisa ni watu, wameinama, wameshikana. Hata udogo unaongea. Angalia katuni za Masoud Kipanya, yule panya wake ni kamwili kadogo kanakosimama pembeni ya wakubwa, na udogo wake ndo unampa ruhusa ya kusema.

Jambo moja la adabu hapa. Ukitaka kumchekesha msomaji usifanye unene wa mtu, ufupi wake, au ulemavu wake kuwa ndo kichekesho chenyewe. Acha mtu achekeshe kwa anachofanya. Huu ni msimamo wangu, asiyekubali aendelee.

Hatua ya 5: Uso, mikono, na kamusi ya mapozi uliyonayo bure

Vijana mnadownload mapozi ya manga (komiki za Kijapani), mhusika anaitwa Mwakasege (nimetunga) anakaa Mafinga lakini akishangaa anatoka tone kubwa la jasho kichwani kama mtu wa Tokyo. Sio dhambi, wasomaji wengi wanazijua hizo alama. Ila una hazina yako mwenyewe mdomoni. Kiswahili kimeshakuchorea, wewe unatakiwa kunakili tu.

Kushika tama. Mtu kashika shavu kwa kiganja, kiwiko kwenye goti, hiyo ni huzuni au mawazo, kila Mtanzania anaisoma kabla hajafika kwenye maneno. Kukunja ndita. Kubetua midomo. Kukodoa macho. Kushika kiuno, na hapa angalia, mama akishika kiuno kwa mikono miwili ni ugomvi, akishika kwa mkono mmoja na mwingine umening'inia ni uchovu. Kuuma kidole, kujuta. Kukaza shingo, ubishi. Kuning'iniza kichwa, kutoa mimacho, kunywea, kuvimba kichwa, kufura. Chukua daftari andika misemo 30 ya namna hii, kila mmoja uuigize mbele ya kioo, uuchore kwa mistari mitano. Ukimaliza una kamusi ambayo hakuna programu inayoiuza.

Halafu kuna salamu, ambazo kwenye komiki ni dhahabu kwa sababu zinaonyesha nani mkubwa bila kuandika. Binti anayepiga goti akimsalimia mkwe, kijana anayetoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko chake, mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Kwa Wahehe na Wabena ile "kamwene" ina mwinamo wake, haisemwi mtu kanyooka kama mlingoti huku mikono mfukoni, labda unataka kuonyesha huyo jamaa karudi kutoka mjini na dharau zake, na hapo sasa mikono mfukoni inakuwa hadithi nzima! Mimi niliwahi kuchora ukurasa mzima bila puto la maneno hata moja: mzee kakaa, vijana wanne wanapita kumsalimia, watatu wanainama wa nne anainua kidevu tu. Kila niliyemuonyesha aliniambia huyo wa nne ndo mwizi.

Mikono kuichora ni shida, sote tunaificha mfukoni. Dawa: chora kiganja kama boksi bapa kwanza, dole gumba kama kipande cha pembeni, vidole vinne kama kundi moja, usianze na kucha. Una mkono mmoja wa bure mezani haulipishi, mchore huo huo.

Na baridi pia inachorwa kwa mwili. Mabega yamepanda masikioni, mikono kwapani, magoti pamoja, mtu anakuwa mdogo. Ukiweka kamvuke mdomoni imetosha, msomaji wa Njombe atavuta blanketi.

Hatua ya 6: Maneno yana pumzi

Puto la maneno ni pumzi ya mtu. Andika maneno, kisha yaseme kwa sauti ukiwa kwenye lile pozi. Kama mhusika wako anakimbia huku anasema sentensi ya maneno 25, hebu kimbia na wewe mpaka mwisho wa uwanja uiseme. Haiwezekani, atasema "mwizi... simu yangu... huyo!" na kila kipande ni puto lake dogo. Mzee aliyekaa kwenye kigoda na kahawa yeye mpe puto refu, ana pumzi na ana muda.

Sauti nazo msiandike "boom" na "splash" wakati lugha yetu imejaa. Mtu anaanguka mchangani tifu, jiwe linaingia majini chubwi, kofi pwaa, tope pwata, kijiti kacha, usiku uko kimya jii, giza totoro, mtu kalala fofofo. Haya maneno yanatoka mwilini, sema "chubwi" uone midomo inavyofanya. Kwa hiyo herufi zake zichorwe na mwili huo huo: tifu nzito zimekaa chini kabisa ya fremu, chubwi zinazama kidogo, jii ndogo nyembamba katikati ya weupe mtupu.

Hatua ya 7: Jicho linaruka

Fanya jaribio hili. Kazia macho neno moja hapa unaposoma, halafu bila kuyasogeza jaribu kusoma neno lililo mistari mitatu chini. Umeshindwa. Jicho linaona kwa ukali eneo dogo sana, kama ukubwa wa ukucha wa dole gumba ukiwa umenyoosha mkono, kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unautengeneza vizuri. Kwa hiyo jicho linarukaruka, mara 3 hadi 4 kwa sekunde, na wewe mchoraji kazi yako ni kulipangia pa kutua.

Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, hilo eneo la ukali ni kama sentimita 1. Kwa vitendo: nyusi na mdomo wa mhusika anayelia viingie kwenye hiyo sentimita au karibu yake ili msomaji ayapate machozi kwa mruko mmoja. Na puto liwe jirani na uso, usilitupe kona ya mbali.

Jicho linapenda nyuso, na linafuata kule uso unakotazama. Mhusika akitazama kulia msomaji anakwenda kulia kwenye fremu inayofuata, akitazama nyuma kushoto anamrudisha, na hapo ndo msomaji anapotea anasema komiki yako inachanganya. Vidole vinavyonyoosha, fimbo, barabara, vyote ni mishale. Anayeongea kwanza akae kushoto, puto lake juu zaidi. Wawili wakigombana usiwabadilishe upande katikati ya ugomvi, wa kushoto abaki kushoto, la sivyo ngumi inaonekana imempiga aliyeirusha.

Halafu ule mwanya mweupe kati ya fremu na fremu. Pale hakuna mchoro ila mwili wa msomaji ndo unafanya kazi. Fremu ya kwanza: mama na ndoo kichwani, mguu wake umekaribia jiwe lenye utelezi. Ya pili: ndoo inabingirika, maji yamemwagika, kuku wanakimbia. Hujachora anguko, lakini msomaji ameanguka yeye. Kama ulikuwa umepanga fremu tatu za anguko lenyewe, jaribu kuzitoa uone. Sio kila mara, kuna anguko la kuchekesha linalotaka kuonekana lote mpaka viatu vinaruka, sasa hilo ni masikio yako ya kichekesho yatakuambia.

Hatua ya 8: Mkono wa msomaji

Zamani kijarida kama Sani kilisomwa na kundi, mmoja kashika, wanne mabegani kwake, anayesoma taratibu anapigiwa kelele "geuza bwana". Kile kitendo cha kugeuza kilikuwa sehemu ya hadithi. Ukitengeneza kijitabu leo, kunja karatasi mbili za A4 katikati, piga stepla, una kurasa 8 za A5. Msomaji anageuza na kukutana na ukurasa wa 2, wa 4, wa 6, na wa 8 kwa ghafla, hivyo mshtuko wako uweke huko, na swali lake liwe chini ya ukurasa wa kulia unaotangulia. Mlango unagongwa mwisho wa ukurasa wa 3. Nani yuko mlangoni, ukurasa wa 4. Ukimweka ukurasa wa 3 ule ule jicho la pembeni limeshamuona kitambo. Wanaofuata manga kumbukeni kule vitabu vinafunguka kinyume, kulia kwenda kushoto, ndo maana picha zake ukizikopi bila kufikiri ngumi zinarudi nyuma.

Kwenye simu mkono ni dole gumba. Mtindo wa kuteremsha chini umetoka Korea Kusini na majukwaa mengi yanataka picha ya upana wa pikseli 800. Pale muda unapimwa kwa umbali: ukiacha weupe mrefu kati ya fremu, dole gumba linasafiri, na msomaji anasubiri. Mtu anaanguka kutoka juu ya mti wa parachichi? Mchore kwenye fremu moja ndefu nyembamba, dole gumba litashuka naye mpaka chini.

Herufi ndo wengi mnaua macho ya watu. A4 ina upana wa sentimita 21, simu ya kawaida kioo chake ni kama 7, maana yake kila kitu kinasinyaa mara tatu. Herufi ya milimita 3 inakuwa 1, hiyo hata tai haisomi. Andika za milimita 6 na zaidi. Na wasomaji waliovuka miaka 40 macho ya karibu yanaanza kugoma, utawaona wanaisogeza simu mbali kama inanuka. Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani, hasa wanaume, usiwavishe maadui wawili hizo rangi mbili kwa uzito sawa ukadhani wote wataona.

Hatua ya 9: Mpe mtu, afu usitazame komiki, mtazame yeye

Usimuulize "umeipenda?" maana atasema ndiyo, ni rafiki yako. Kaa pembeni uangalie mwili. Akirudisha dole gumba juu, pale amepotea, weka alama. Akiinamisha kichwa kukaribia kioo, herufi ndogo au fremu imejazana. Akisoma midomo inacheza, puto zako zina mdundo. Akicheka sehemu ambayo hukukusudia, usibishane naye. Wape watatu tofauti, mmoja awe mtu asiyesoma komiki kabisa, huyo ndo hakimu wa kweli.

Juzi nilimpa dogo mmoja wa bodaboda pale Kabwe wakati anasubiri abiria, kurasa nne za penseli tu, kuna jamaa anarudi nyuma nyuma huku anaongea na simu na hajaona mtaro uko wazi. Dogo alikuwa amekaa upande juu ya pikipiki, miguu inaning'inia. Alipofika fremu ya tatu akaurudisha mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, wala hakujua kama kaurudisha. Nikachukua penseli nikaandika pembeni ya ile fremu: isiguswe, nenda wino.